Göran Hydén: kutoka migombani Bukoba hadi kupima utawala wa nchi 16

Kibanja_Kimoja

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki hii kuna kijana aliuliza humu mtu akisoma sayansi ya siasa anakwenda kufanya kazi gani zaidi ya kugombea udiwani. Majibu yakawa ya mzaha, na mengine kweli yalichekesha. Mimi nimeona nimjibu kwa kumleta mtu mmoja ambaye kazi yake yote ya usomi imeshikamana na Tanzania, ila vijana wengi hawamjui: Göran Hydén, Msweden, mzaliwa wa 1938. Alianza kwa kuzungukia vijiji vya Bukoba, akafika kwenye kupima utawala wa nchi 16 kwa mpigo. Kati ya vituo hivyo viwili kuna mambo mengi ya kujifunza, na mimi nina ugomvi nayo kidogo.

Uzi ni mrefu. Wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Mwaka 1968 alipata udaktari wake Chuo Kikuu cha Lund, na tasnifu ikapewa jina *TANU Yajenga Nchi*. Maprofesa wa Lund walikuwa wanashika kitabu chenye jalada la maneno yaliyokuwa yakiimbwa kwenye mikutano ya hadhara huku kwetu. Ndani yake ni utafiti wa siasa za vijijini katika nchi ya Wahaya, enzi hizo Mkoa wa Ziwa Magharibi. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na chama kilijieleza kuwa kimefika kila kona. Yeye akaenda kuangalia kimefikaje, na wenyeji wamekipokeaje.

Kwa nini Bukoba? Ambaye hajafika kule hawezi kuona umuhimu wake. Mhaya ana kibanja. Mgomba unamlisha, na kahawa inampa ada ya shule na bati la kuezekea. Chama cha ushirika, BCU, kilikuwepo kabla TANU haijazaliwa. Shule za misheni zilishatoa wasomi wa kutosha kuitikisa kata nzima kwa barua za malalamiko. Halafu kulikuwa na nyarubanja, ule umwinyi wa ardhi uliokuja kufutwa baada ya uhuru. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama dola inamfikia mkulima, akianzia Bukoba anakutana na mkulima mwenye pa kukimbilia. Bei ya kahawa ikiharibika, buni inaachwa mtini na ndizi zinaliwa nyumbani. Serikali itamfanya nini?

Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipopandwa mbegu ya kitabu kilichomletea jina na maadui: *Beyond Ujamaa in Tanzania*, 1980. Katikati ya hizo tarehe mbili alifundisha Nairobi, kisha Dar es Salaam miaka ya 70, wakati vijiji vya ujamaa vinahamishwa kwa nguvu na kila mtu Mlimani, pale chuo kikuu, ana nadharia yake. Hoja ya Hydén ilikuwa nyepesi kuisema lakini nzito kuimeza: mkulima wa Kiafrika hajatekwa. Hajatekwa na soko, hajatekwa na dola. Ardhi ni yake, jembe ni lake, nguvu kazi ni familia yake. Ukimbana sana anajitoa, anarudi kwenye kile alichokiita uchumi wa undugu, ule wa kusaidiana kwa damu, ukoo, dini na ujirani. Mipango ya ujamaa iligonga ukuta huo, na mipango ya kibepari nayo ingeugonga.

Nitarudi na sehemu ya pili, nipate chakula kwanza.

MzeeMlimani74

Kijana umeandika vizuri, lakini usimpake mafuta mzungu wako kupita kiasi. Sisi tulikuwepo.

Mlimani ya miaka ile ilikuwa ya Walter Rodney, ya Issa Shivji, wasomi wa mrengo wa kushoto, ya mihadhara ya usiku ambapo ukisema neno "mkulima" bila kusema tabaka lake unazomewa. Hydén hakuwa wa kambi hiyo. Kilichoniudhi mimi kwenye kitabu chake ni kwamba mkulima anaonekana kama mtu aliyekaa pembeni ya dunia. Mkulima gani huyo? Huyu aliyekatwa kodi ya kichwa tangu enzi za Mjerumani? Aliyelimishwa pamba? Kijana aliyetoka Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, huyo hajatekwa?

Wasomi wenzake hawakunyamaza: Nelson Kasfir alimjibu miaka ya 80 kwa hoja kama hiyo, Mamdani akamjibu kwa mifano ya Uganda, Lionel Cliffe naye akaingia. Kwa ufupi walisema wakulima wamo ndani ya soko hadi shingoni, na kujitoa ni anasa ya wachache. Weka na hayo.

Kibanja_Kimoja

Shikamoo mzee. Nakubali kuyaweka, na nitaongeza kitu: mifano yako miwili ya Kigoma na pamba inaipiga hoja ya Hydén mahali penyewe. Mtu ukikaa Buhaya unaona mkulima mwenye migomba. Ukikaa kwenye mkonge unaona kibarua. Nadharia ya nchi nzima ilibeba harufu ya mahali ilipoanzia. Yeye aliwajibu wakosoaji wake kwenye majarida, mabishano yakaendelea miaka.

Ila lile la uchumi wa undugu silitupi, mzee. Angalia simu yako sasa hivi una makundi mangapi ya WhatsApp ya kamati za harusi na misiba. Afisa wa serikali mwenye mshahara wa kawaida anapewa kadi ya mchango, anaahidi mbele ya watu, jina linaandikwa kwenye orodha na kiasi pembeni, kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha upya. Hilo deni halipo kwenye kitabu chochote cha Hazina lakini lina nguvu kuliko waraka wa Utumishi. Hydén alikuwa anajaribu kutafuta mahali pa kuliweka jambo hilo ndani ya sayansi ya siasa. Alishindwa kulipima, lakini aliliona.

kadogoo_Dodoma

Nimejiwekea kiti hapa mbele. Mkuu weka muendelezo.

MzeeMlimani74

Marahaba. Hilo la kadi nimekuachia.

Msafiri254

Salamu kutoka Nairobi. Hydén tunamjua pia huku kwetu, si kwa kufundisha tu. Baada ya Dar alikuja Ford Foundation, ule wakfu wa Kimarekani, ofisi ya Nairobi, na watafiti wengi wa rika la wazazi wangu walipitia ruzuku za ofisi ile. Swali langu: mtu wa vijiji alifikaje kwenye hii biashara ya "utawala bora"? Maana huku hilo neno tulilisikia kwa wafadhili kwanza.

Kibanja_Kimoja

Sehemu ya pili ndiyo hiyo mkuu.

Mwaka 1989 Benki ya Dunia ilitoa ripoti kubwa kuhusu Afrika kusini mwa Sahara. Ndani yake wakaandika kwamba mzizi wa matatizo ya maendeleo ni mgogoro wa utawala. Benki kwa katiba yake hairuhusiwi kuingia kwenye siasa, kwa hiyo "utawala" lilikuwa neno la kupitia mlango wa nyuma. Wanasayansi wa siasa waliokuwa wanapuuzwa na wachumi wakajikuta wanatafutwa. Wakati huo Hydén alishahamia Chuo Kikuu cha Florida, na mwaka 1992 akahariri kitabu cha utawala na siasa za Afrika pamoja na Michael Bratton.

Hapa ndipo hadithi inaponoga kwangu. Bratton naye alitokea kijijini! Kitabu chake cha kwanza, cha 1980 hiyohiyo, kilihusu wakulima na chama dola Zambia, upande wa Kasama. Watu wawili, mmoja wa Bukoba, mmoja wa Kasama, wote wameona chama kimoja kikijisifu na mkulima akinyamaza. Wanahariri kitabu pamoja. Kisha kila mmoja akashika njia yake ya kupima.

Bratton, akiwa na Robert Mattes na E. Gyimah-Boadi wa Ghana, walianzisha Afrobarometer mwaka 1999. Wazo lao: muulize mwananchi mwenyewe, kwa lugha yake, nyumbani kwake. Walianza na nchi 12, raundi ya tisa ikafika nchi 39. Kila nchi watu 1,200 au 2,400, waliochaguliwa kwa bahati nasibu.

Hydén alikwenda upande mwingine. Akiwa na Julius Court na Kenneth Mease, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, walifanya Tathmini ya Utawala Duniani, kitabu kikatoka 2004. Nchi 16, Tanzania ikiwemo, pamoja na China, India, Indonesia, Urusi, Peru, Togo na nyinginezo. Nyanja sita: asasi za kiraia, vyama na Bunge, serikali, utumishi wa umma, uchumi na mahakama. Misingi sita: ushiriki, usawa, utu, uwajibikaji, uwazi na ufanisi. Maswali 30, kila moja alama 1 hadi 5. Na wahojiwa? Watu wanaojua: wabunge, majaji, makatibu, wafanyabiashara, wahariri, viongozi wa dini, wahadhiri. Makumi ya watu kwa nchi, basi.

Ugomvi wangu naye ni huo. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuusikiliza ukimya wa mkulima, alipofika kwenye kupima aliwauliza watu wenye ofisi.

Dada_Mdadisi

Naomba nimtetee kidogo, halafu nimshambulie.

Namtetea hivi: kuna mambo mwananchi hawezi kukujibu. Ukimuuliza mama muuza mihogo kama kanuni za manunuzi ya umma zinafuatwa, atakujibu kwa adabu tu, ili usione aibu. Hakimu anajua. Mhasibu wa halmashauri anajua mpaka jina la kampuni. Kwa hiyo wajuzi wana kazi yao. V-Dem, mradi wa kupima demokrasia wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, wanatumia wataalamu hivyohivyo, maelfu duniani, kwa kawaida kama watano kwa kila swali la nchi, majina hayatajwi, na hesabu nzito inafanywa kusawazisha mkali na mpole.

Namshambulia hivi: waliwauliza wale wajuzi hali ya sasa na hali ya miaka mitano iliyopita, siku moja, mtu mmoja. Mbunge aliyekosa uwaziri atakukumbushaje miaka mitano nyuma?

Mimi ni mdadisi, nimefanya dodoso nyingi za maoni na za kaya, siwataji waajiri. Niwape picha ya upande wa akina Bratton, kwa kuwa watu wanatupa hizo asilimia humu kama karata bila kujua zinavyopatikana.

Unapewa eneo la kuhesabia watu, lililotolewa kwenye ramani za sensa. Kabla ya yote unapita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, vibali mkononi, vyenye mihuri ya juu hadi chini. Mwenyekiti akiwa shambani unamsubiri. Eneo moja ni mahojiano manane, wadadisi wanne, wawili kila mmoja. Msimamizi anachagua pa kuanzia, mnaachana pande nne. Miongozo ya zamani ilisema hivi: wa kwanza aelekee jua lilipo, wa pili alipe jua mgongo, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Watu wakiona mtu mzima anatazama jua kisha anashika njia wanadhani ni mganga. Unahesabu nyumba, unaruka, unaingia. Mwanamume, kisha mwanamke, kwa zamu. Ndani ya kaya anayehojiwa anachaguliwa kwa bahati nasibu, siku hizi kishikwambi chenyewe ndicho kinachochagua. Sasa kikimchagua binti wa kazi wakati baba mwenye nyumba amekwishavaa koti na kukaa sebuleni, hapo utajua kama unaijua kazi.

Maswali ninayoyaamini kuliko yote ni haya ya maisha. Miezi 12 iliyopita, wewe au mtu wa nyumbani kwako mmekosa chakula cha kutosha mara ngapi? Maji safi? Dawa au matibabu? Nishati ya kupikia? Kipato cha fedha taslimu? Unachagua jibu: haijatokea kabisa, mara moja au mbili, mara kadhaa, mara nyingi, kila wakati. Matano tu. Hapo mtu haongopi sana, maana sufuria iko palepale anaiona. Wanajumlisha wanapata kipimo cha umaskini wa maisha ya kila siku, tofauti na ule wa pato la taifa.

Na swali la mwisho wanalotaka ulijaze: unadhani nani ametutuma? Ukishajitambulisha, umeonyesha barua, mmekaa saa nzima, bado wengi wanasema serikali.

Msafiri254

Hilo swali la mwisho ndilo la kuchunga. Aliyesema "serikali imewatuma" atakuambia anamwamini rais. Watafiti wameshaonyesha hivyo, hasa kwenye nchi ambazo kusema ni hatari. Kwa hiyo imani kubwa kwa rais inaweza kuwa hofu iliyovaa suti.

Kibanja_Kimoja

Msafiri, hapo umegusa kitendawili cha Tanzania chenyewe. Baada ya raundi ya kwanza hapa kwetu, Watanzania walionekana wanaiamini serikali kuliko majirani wengi, wakati hali ya maisha ni ngumu. Amon Chaligha wa Mlimani, pamoja na Mattes, Bratton na Davids, waliandika karatasi mwaka 2002 wakiuliza: hawa ni raia wasiohoji, au ni watu wavumilivu waliowakabidhi viongozi dhamana na wanasubiri? Profesa Chaligha baadaye alikuwa kamishna wa Tume ya Uchaguzi, kwa hiyo mwenye kuuliza kama msomi wa siasa anaishia udiwani aone na njia hiyo.

Mimi nikisoma majibu ya akina mama wa Kagera wa leo na kukumbuka Hydén wa 1980, naona jibu la tatu. Mtu ambaye dola haimgusi sana hana sababu ya kuichukia. Anaisifu kama anavyomsifu mgeni anayelala usiku mmoja.

MzeeMlimani74

Hilo la mgeni limekaa. Lakini bado ni nadharia ya migombani.

PembeTatu

Mimi naona mnazunguka. Suala ni kwamba wazungu wanatupima ili watupangie misaada. Wakfu wa Mo Ibrahim unatupanga kwa utawala 1 hadi 54, Transparency International wanatupanga kwa rushwa, Benki ya Dunia wanatupanga. Nani alishawahi kuwapima wao? Mwaka 2021 si Benki yenyewe iliifuta ile Doing Business, ripoti ya kupanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara, baada ya kugundulika alama zimechezewa? China, Saudia, Falme za Kiarabu, Azerbaijan, ripoti za 2018 na 2020. Wenye mizani walikamatwa wanashika kidole kwenye mizani.

Kibanja_Kimoja

Mkuu hilo la Doing Business ni kweli tupu, ilifutwa Septemba 2021. Na nitakuongezea. Vipimo vya utawala vya Kaufmann na Kraay pale Benki vina nchi zaidi ya 200, alama kutoka -2.5 hadi 2.5, na vyenyewe havimuulizi mtu yeyote. Vinajumlisha takwimu za wengine. Na wenye kuvitengeneza kila mwaka wanaweka wazi ukubwa wa wasiwasi wa kila alama, kwamba nchi hii na ile huwezi kusema kwa hakika ipi iko juu. Magazeti yetu yanakata sehemu hiyo, yanabaki na "Tanzania yaporomoka" au "Tanzania yapaa".

Ila la wazungu tu sikubaliani. Gyimah-Boadi ni Mghana na makao ya Afrobarometer yako Accra. Hapa mshirika wao ni taasisi ya utafiti ya REPOA, pale Dar. Kenya ni taasisi ya IDS ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Na mradi wa REDET wa Mlimani ulikuwa inafanya kura za maoni tangu vyama vingi vinarudi. Mo Ibrahim ni Msudani. Kupimwa na mwenzako kunauma zaidi, ndiyo tofauti.

PembeTatu

Basi tueleze Twaweza, lile shirika la kura za maoni. Septemba 2015, kabla ya uchaguzi wa rais, walisema Magufuli asilimia 65, Lowassa 25. Matokeo yakawa 58 na 40. Hapo sampuli ilikuwa ya nani?

Dada_Mdadisi

Nalijibu mimi kwa kuwa najua wanavyofanya.

Sauti za Wananchi, ndilo jina la dodoso lao Twaweza, ni mahojiano ya simu. Mwanzo walikwenda nyumba kwa nyumba, wakachagua kaya kama 2,000 Tanzania Bara, wakagawa simu na chaja za jua ili asiye na simu asiachwe. Baada ya hapo wanawapigia walewale. Hiyo ni nzuri kwa kufuatilia bei ya maji, mwalimu anafika darasani, dawa zipo zahanati. Mtu anayekujua anakuambia. Kwenye uchaguzi ina matatizo yake: kundi lilichaguliwa miaka mitatu kabla, waliohama na waliochoka wameshatoka, na simu ni sauti ya mtu usiyemwona anakuuliza utampigia nani. Tena mahojiano yalifanyika mwanzoni mwa kampeni, wakati Lowassa ndiyo kwanza ametua upinzani. Watu hubadilika. Nani aliongoza walipata, pengo hawakulipata.

Halafu kumbuka 2018. Julai walitoa matokeo kuwa wanaoukubali utendaji wa rais wameshuka, asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, 55 mwaka 2018. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakaandika barua kuhoji kibali, mkurugenzi wa Twaweza pasipoti ikazuiwa. Septemba mwaka huohuo sheria ya takwimu ikarekebishwa, kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali ikawa kosa la jinai. Juni 2019 ikalegezwa, baada ya kelele nyingi na Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwa waliolalamika.

Sisi wa mitaani tulihisije kipindi hicho? Ukigonga mlango, mtu anaangalia kwanza gari lenu lina namba gani.

Msafiri254

Sisi Kenya tuna yetu ya uchaguzi wa rais wa 2007. Clark Gibson na James Long, wanasayansi wa siasa kutoka California, walisimamia mahojiano ya wapiga kura wakitoka vituoni, kazi ya IRI, taasisi ya Kimarekani, kwa fedha za Marekani. Matokeo yalimweka Raila mbele kwa asilimia kama sita. IRI wakasema hayaaminiki, hawakuyatoa. Nchi ikawaka. Agosti 2008 ndipo wakayatoa. Kwa hiyo kijana anayetaka kazi hii ajue kwamba kuna siku utakuwa na karatasi mkononi na aliyekulipa hataki isomwe.

MzeeMlimani74

Hapo ndipo ningependa vijana wasimame. Enzi zetu msomi alikwenda jela kwa makala. Sasa anaweza kwenda kwa jedwali.

kadogoo_Dodoma

Wakuu shukrani. Mimi ndiye yule kijana wa udiwani 😂. Niko mwaka wa tatu UDOM, sayansi ya siasa. Maswali yangu: 1) Nianzie wapi kama sina connection? 2) Hesabu naziogopa, nitaweza? 3) Hydén alilipwa na nani muda wote huo?

Kibanja_Kimoja

Karibu sana. Naanza na la tatu maana ndilo watu hawaulizi. Chuo, wakfu wa Kimarekani, chuo tena, Umoja wa Mataifa. Kila mlipaji alikuwa na swali lake na ukubwa wake. Ukiwa mwanafunzi wa udaktari una muda na baiskeli, unapata mkoa mmoja kwa kina. Ukipewa fedha za kulinganisha nchi 16, hakuna fedha duniani ya kukaa migombani katika nchi zote hizo. Nadhani hiyo ndiyo sababu halisi aliwaendea wenye ofisi, wala si kwamba alimsahau mkulima. Hata vitabu vyake vya baadaye kuhusu siasa za Afrika bado vinarudi kwenye undugu na mahusiano yasiyoandikwa. Alama 1 hadi 5 zilikuwa hazina nafasi ya kuyaweka.

La kwanza: data za Afrobarometer ni bure kwenye tovuti yao, raundi zote za zamani, Tanzania tangu 2001. Za V-Dem bure pia, baadhi ya vipimo vinarudi hadi 1789. Huhitaji kumjua mtu. Pakua Tanzania, chukua yale maswali matano ya kukosa aliyoyataja Dada, linganisha na imani kwa diwani, halafu litenganishe kwa swali la "nani ametutuma". Hiyo tayari ni tasnifu ya shahada ya kwanza kuliko zile za "mchango wa vyama vya siasa katika maendeleo, Kata ya fulani".

Dada_Mdadisi

La pili nampa mimi. Hesabu utaweza, ni za kujumlisha na kuelewa bahati nasibu inafanyaje kazi. Programu ya takwimu ya R ni bure. Ile ya STATA utaipata ukiajiriwa. Kinachowashinda wengi si hesabu, ni kukaa.

Anza kwa kuomba udadisi. Taasisi zinatangaza kabla ya kila raundi, mafunzo huwa siku kadhaa, posho si mbaya. Wenye digrii zako wanaona aibu, wanasubiri cheo cha mtafiti. Ukiwa mdadisi utaona swali linavyokufa mdomoni. Kuna dodoso niliwahi kupewa, swali limetafsiriwa kwa Kiswahili cha ofisini: "Ni kwa kiwango gani unaridhika na uwajibikaji wa mamlaka za serikali za mitaa?" Bibi wa Namtumbo akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, sema unachotaka." Nikamuuliza mwenyekiti wenu akila hela mnamfanyaje. Akanijibu dakika ishirini. Sikuruhusiwa kuuliza hivyo, kwa hiyo kwenye kishikwambi nikamsomea swali kama lilivyo, akachagua "sijui".

MzeeMlimani74

Na hiyo "sijui" ikaenda Accra.

Dada_Mdadisi

Ikaenda, mzee. Ila nimeandika pembeni kwenye ripoti ya eneo, kuna sehemu ya msimamizi kuandika. Raundi iliyofuata swali lilikuja limenyooshwa.

PembeTatu

Hapo nimewaelewa kidogo. Bado siwaamini wa Doing Business.

kadogoo_Dodoma

Nimepakua. Faili la Tanzania lina safu nyingi hadi laptop imeganda. Hili swali la nani ametutuma liko mwisho kabisa au nalitafuta kwa namba?

Kibanja_Kimoja

Namba hubadilika kila raundi, usikariri. Fungua kitabu cha misimbo kwanza, tafuta maneno kuhusu aliyedhamini mahojiano, yako karibu na maswali ambayo mdadisi anajaza mwenyewe baada ya kuaga. Ukifika hapo, angalia na safu inayosema kama kulikuwa na mtu mwingine anasikiliza. Zanzibar wanahojiwa wengi kuliko uwiano wao wa watu, kwa hiyo usisahau uzani kabla hujatoa asilimia ya nchi nzima. Ukikwama niandikie PM.